Kuchagua haro ya kukata wima kwa shamba la nafaka lisilolimwa na lenye unyevu mwingi: mwongozo kamili

Shamba linalopandwa miaka kadhaa bila udongo wake kupinduliwa kwa jembe huwa na udongo wenye nguvu. Minyoo hurudi, maji huzama badala ya kutiririka, na trekta hupita bila kudidimia. Shida huanza mvua zikizidi. Mabua na majani yaliyolala juu huziba jua na upepo, udongo wa chini yake hubaki mbichi na baridi, na mashine ya kupandia huacha mfereji wa mbegu wazi kwa sababu udongo unavutika kama ugoro uliolowa. Hapo ndipo wengi huanza kutafuta haro ya kukata wima, yaani mashine yenye sahani zilizosimama wima au karibu wima, zinazokatakata mabua na kuchana sentimita 4 hadi 8 za juu bila kugeuza udongo.

Ni chombo kizuri kikichaguliwa vizuri. Kikichaguliwa vibaya, pito moja kwenye udongo mbichi linaweza kuvuruga muundo wa ardhi uliojengwa kwa misimu mingi, na huo haurudi kwa msimu mmoja.

Anza na sepetu, si na orodha ya mashine

Chimba shimo la kina cha sentimita 60 mahali panapochelewa kukauka, na jingine mahali ambapo mazao hustawi. Linganisha kuta za mashimo hayo mawili. Unachotafuta ni chanzo cha unyevu.

Maji yakichuruzika kutoka chini au kandoni, au udongo ukiwa wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, basi maji ya ardhini yako juu au hayana pa kutokea. Dawa ya hapo ni mifereji au mabomba ya kutolea maji. Haro yoyote utakayonunua itakwaruza juu tu, na maji yatabaki palepale.

Ukikuta udongo wa juu umelowa, kisha katika sentimita 15 hadi 25 kuna tabaka gumu ambalo mizizi imelifikia na kukunja kona, tatizo ni mgandamizo. Sahani za sentimita 8 haziligusi tabaka hilo. Linavunjwa kwa mizizi ya mazao ya kufunika ardhi yaendayo chini sana, au kwa jembe la kupasulia chini wakati udongo umekauka hadi kimo hicho.

Hali ya tatu ndiyo inayoifaa haro ya kukata wima: sentimita chache za juu, chini ya mabua, zimelowa na kunata, lakini ukishuka hadi 10 au 12 udongo unamegeka vizuri mkononi. Hapa kinachozuia ukaukaji ni blanketi la mabua na gamba la juu, na vyote viwili viko ndani ya uwezo wa mashine hii.

Kabla hujaondoka shambani, tazama namna mabua yalivyolala. Yakiwa yamerundikana kwa mistari minene inayofuata njia ya kombaini, huku katikati ya mistari ardhi iko karibu wazi, kosa lilifanyika siku ya kuvuna. Kombaini yenye kichwa cha mita 9 inayomwaga makapi kwa upana wa mita 5 hutengeneza mistari ya tope msimu unaofuata. Noa au badilisha visu vya kukatia mabua, rekebisha kisambaza makapi kifikie upana wote wa kichwa, halafu subiri uone msimu mmoja. Wako wanaogundua kwamba baada ya hapo haro hawaihitaji tena.

Sahani: hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo

Mashine zinazouzwa kwa jina hili zinatofautiana sana, na tofauti hiyo inatokana na mambo mawili: umbo la sahani, na pembe ya safu ya sahani kulinganisha na mwelekeo wa trekta.

Sahani bapa yenye mawimbi ukingoni huingia ardhini kama kisu na kutoka kama kisu. Mawimbi hutikisa udongo kidogo kushoto na kulia. Sakafu inayoachwa chini haina uso mmoja laini, bali mipasuko mingi midogo ambamo maji na mizizi hupita. Sahani yenye shimo, yaani iliyobonyea kama bakuli, hufanya kazi nyingine: hukata chini ya udongo, huunyanyua na kuutupa kando. Kwenye udongo mkavu si kosa kubwa. Kwenye udongo mbichi, mgongo wa bakuli hilo hupiga lipu. Ukifagia udongo uliolegea baada ya kupita, utaona sakafu inayong'aa kama sahani ya kauri, na wiki tatu baadaye mizizi ya mahindi itakuwa inatambaa juu yake kuelekea pembeni.

Kwa shamba linalolowa mara kwa mara, chagua sahani bapa. Hili si jambo la kupatana nusu kwa nusu. Usishawishike kwa hoja kwamba sahani iliyobonyea "kidogo" inachanganya mabua vizuri zaidi. Inachanganya kweli, na malipo yake ni lile tabaka la chini.

Idadi ya mawimbi nayo ina maana. Sahani ya mawimbi 8 mapana huchana njia pana na kurusha udongo mwingi. Kwenye ubichi hubeba tope na kuacha matundu ya hewa. Zile za mawimbi 13 au 25, ambayo ni membamba, husumbua udongo kidogo na hujisafisha kwa urahisi. Kwa ardhi ya mfinyanzi yenye unyevu, elekea kwenye mawimbi membamba. Kipenyo cha sentimita 51 hadi 56 kinatosha kazi nyingi. Mabua marefu ya mahindi yanahitaji kubwa kidogo, kwa sababu sahani ndogo huyasukuma mbele badala ya kuyakanyaga na kuyakata.

Pembe ya safu ndiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji. Nyuzi 0 maana yake sahani zinaviringika sawa na mwendo wa trekta. Kila unavyoongeza pembe, hata sahani bapa huanza kusukuma udongo kando na kukwangua sakafu. Kwa udongo mbichi baki kati ya nyuzi 0 na 3. Mashine yenye pembe inayobadilishwa ni nzuri endapo inashuka kweli hadi 0. Great Plains Turbo-Max, kwa mfano, hubadilika kutoka 0 hadi 6. Ile ambayo pembe yake ndogo kabisa ni 5 au 7 imetengenezwa kwa kazi nyingine. Haro za sahani za mwendo kasi kama Väderstad Carrier na Horsch Joker ni mashine imara na zina mahali pake, ila sahani zake zimebonyea na zimefungwa kwa pembe. Zinafaa kuvunja mabua kwenye ardhi iliyokauka, wala zisihesabiwe kuwa za kukata wima.

Ufungaji wa sahani nao hutofautiana. Nyingi hupanga sahani kwenye shafti moja, na safu nzima hupanda na kushuka pamoja. Nyingine, kama zile za kampuni ya Salford, huweka kila sahani kwenye springi yake. Ya springi hufuata mabonde madogo na kukwepa mawe, na mtikisiko wake husaidia kudondosha tope. Lakini ina beringi nyingi zaidi za kutunza. Kwenye shamba lenye mawe, ningekubali mzigo huo wa beringi bila kusita. Kwenye tambarare lisilo na mawe, shafti ya pamoja ni rahisi na inatosha.

Uzito, upana na trekta

Pima uzito kwa sahani, usipime kwa mashine nzima. Gawanya uzito wa mashine kwa idadi ya sahani zake. Haro ya mita 6 yenye safu mbili, ambapo sahani za nyuma hupita katikati ya zile za mbele na kuacha nafasi ya karibu sentimita 10 kati ya mkato na mkato, ina sahani kama 60. Ikiwa na tani 6, kila sahani hubeba kilo 100 hivi, pungufu ya kile kinachobebwa na rola na magurudumu. Kwa udongo wenye unyevu hiyo inatosha. Mashine nzito zaidi imekusudiwa ardhi kavu iliyokakamaa. Kwako uzito wa ziada utaishia kwenye magurudumu, na magurudumu ndiyo yanayokanyaga.

Nguvu inayotakiwa ni takriban nguvu farasi 25 hadi 33 kwa kila mita ya upana, mwendo ukiwa kilomita 13 hadi 16 kwa saa. Mita 6 basi inataka trekta la nguvu farasi 150 hadi 200. Usichukue kile kiwango cha chini kabisa, maana ardhi laini hula sehemu ya nguvu kabla haijafika kwenye haro. Trekta likizidiwa, mwendo hupungua hadi kilomita 8 au 9, na chini ya hapo sahani za mawimbi hazitikisi udongo. Zinachora mistari tu.

Pima pia utelezi wa magurudumu. Weka alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, endesha mizunguko 10 haro ikiwa imeinuliwa, upime umbali. Rudia haro ikiwa kazini. Ukipata mita 50 kisha mita 44, utelezi ni asilimia 12, na hiyo ni sawa. Ukivuka asilimia 15, tairi linapaka udongo tope na kuufunga vinyweleo, na njia hizo utaziona kwa macho mazao yakiota.

Kuhusu mgandamizo, sheria ni fupi: upepo wa tairi huamua madhara ya juu, mzigo wa ekseli huamua madhara ya chini. Ekseli yenye zaidi ya tani 10 kwenye udongo mbichi hugandamiza hadi kimo ambacho huwezi kukirekebisha kwa chombo cha kawaida. Chagua haro yenye matairi mapana au magurudumu mengi katikati na kwenye mabawa, yaani sehemu za kando zinazokunjwa. Kwa trekta, tairi za aina ya VF (zenye kuta zinazonyumbulika sana) hubeba mzigo uleule kwa upepo pungufu kwa asilimia 40 kuliko tairi za kawaida; zile za IF (zinazonyumbulika kiasi), pungufu kwa asilimia 20. Soma jedwali la mtengenezaji wa tairi kwa mzigo wako halisi, na ushushe upepo kabla ya kuingia shambani.

Kinachofuata nyuma ya sahani

Wanunuzi wengi huziangalia sahani na kusahau nyuma, ilhali kwenye tope ni nyuma ndiko kunakosimamisha kazi.

Rola ya nondo husawazisha na kuvunja mabonge. Kwenye udongo unaonata, nondo zilizokaribiana hujaa tope hadi rola inakuwa pipa, na pipa hilo huziba uso wa shamba kabisa. Taka rola ya kipenyo kikubwa yenye nafasi pana kati ya nondo, tena iinuliwe kwa haidroliki dereva akiwa amekaa kitini. Isiyoinuliwa usiinunue kwa shamba la aina hii.

Haro ya meno yenye springi, inayolalia nyuma, hutawanya mabua yaliyorundikana na kuacha uso wenye mikwaruzo unaokauka haraka. Kwa kukausha, ndiyo kifaa bora kuliko rola. Mchanganyiko wa safu mbili au tatu za meno pamoja na rola inayoinuliwa hukupa uhuru: meno peke yake siku ya ubichi, vyote viwili siku ardhi imetulia.

Vikwangua tope kati ya sahani ni lazima kwenye mfinyanzi. Viwe na tundu refu la bolti ili uvisogeze kadiri sahani inavyolika.

Mashine iliyotumika

Pima kipenyo cha sahani kwa tepu, za mbele na za nyuma, katikati na mwisho wa mabawa. Sahani iliyopoteza sentimita 5 za kipenyo imefika kikomo. Na sahani mpya zikichanganywa na kuukuu kwenye shafti moja, zile kuukuu hazifiki chini. Inua haro, shika kila safu uitikise: ikicheza, beringi zimekwisha. Zungusha kwa mkono usikilize mkwaruzo. Kagua pini za bawaba za mabawa na weldi zinazoshika safu kwenye fremu. Ufa mwembamba huonekana kama mstari wa kutu kwenye rangi. Mwisho, inua mabawa, zima injini, ngoja dakika 30. Bawa lililoshuka lina silinda inayovuja ndani, na kazini bawa hilo litaelea.

Siku ya kuingia shambani

Chukua udongo wa kimo utakachofanyia kazi, na mwingine wa sentimita 5 chini yake. Viringisha kati ya viganja kama unatengeneza tambi. Ukivunjika kabla tambi haijawa nyembamba kufikia milimita 3, ingia. Ukifika milimita 3 ukiwa bado mzima, ubichi umezidi, hata kama uso wa juu umepauka na jirani ameshaingia. Udongo wa chini ndio unaosema ukweli, kwa hiyo usiuache.

Angalia na anga. Udongo uliochanwa hunyonya mvua kama sifongo, na shamba lililopitishwa haro kisha likanyeshewa huchelewa kukauka kuliko lile ambalo halikuguswa. Usipite mbele ya mashine ya kupandia zaidi ya siku moja au mbili. Kama mvua inakuja na mbegu haiko tayari, acha haro bandani.

Fanya kazi mchana, mabua yakiwa makavu. Asubuhi yenye umande mabua huwa kama kamba: sahani haiyakati, inayachomeka ardhini na kuyaacha yamekunjwa ndani ya mpasuko kama pini ya nywele. Mbegu ikiangukia hapo haigusani na udongo. Tatizo hilohilo hutokea udongo wa chini ukiwa laini mno, kwa kuwa kisu hukosa ubao wa kukatia. Kushindilia uzito zaidi hakusaidii. Ngoja, au weka sahani kali badala ya zile butu.

Weka haro sawa kabla ya kupima kina. Endesha mita 50, simama bila kuinua, pima urefu wa fremu kutoka ardhini mbele na nyuma, kisha kwenye kila bawa. Fagia udongo uliolegea mahali pasipopungua 4 kwa upana wa mashine na upime hadi kwenye sakafu ngumu. Tofauti ikizidi sentimita 1, rekebisha fimbo ya kusawazisha au mgandamizo wa mabawa. Katikati kuwa chini kuliko mabawa ndilo kosa la kila siku.

Kina kiwe kidogo kuliko kina cha mbegu kila inapowezekana. Mahindi yakipandwa sentimita 5, chana 4: mbegu italala kwenye sakafu imara yenye unyevu, na juu yake kutakuwa na udongo uliolegea. Ngano inayopandwa sentimita 3 itaangukia ndani ya udongo uliochanwa, kwa hiyo hapo rola inahitajika ili mbegu ishikwe vizuri.

Magugu yashughulikiwe kwanza. Sahani bapa haziyaui, zinayahamisha tu, na yale ya kudumu hukatwa vipande na kusambaa. Ukitumia dawa ya glaifosati, ipe siku 1 kwa magugu ya mwaka mmoja na siku 7 kwa ya kudumu kabla ya kupita, ukifuata maelezo ya kibandiko cha dawa yako.

Pita mara moja. Pito la pili hubomoa mabonge kuwa unga, na unga huo ukinyeshewa huwa gamba. Mabua nayo yakikatwa mafupi sana hung'oka kwenye mizizi yake, mvua kubwa huyaelesha na kuyasomba hadi kwenye mabonde, ambako hutengeneza zulia zito kuliko lile ulilotaka kuondoa. Kwenye miteremko na kingo za mito, acha visiki vimesimama na vimeshikwa na mizizi, hata kama shamba halipendezi machoni.

Pima kabla hujaamini

Chukua kamba ya mita 15 yenye mafundo 100, moja kila sentimita 15. Itandaze kwa mshazari juu ya mistari ya mazao, hesabu mafundo yanayogusa mabua. Idadi hiyo ndiyo asilimia ya ufunikaji. Rudia mahali 5, kabla na baada ya haro. Baada ya kupanda, asilimia 30 ndicho kiwango cha chini cha kilimo hifadhi. Kwenye mteremko, binafsi nisingekubali chini ya 50.

Kama unaweza kuazima au kukodi mashine kabla ya kununua, acha vipande 3 bila kuguswa, kila kimoja kikiwa na upana wa mashine ya kupandia, katika sehemu tofauti za shamba. Mimea ikishaota, hesabu: kwa mistari iliyo umbali wa sentimita 75, urefu wa mita 13.3 ni sawa na mita za mraba 10, hivyo zidisha hesabu yako kwa 1,000 upate mimea kwa hekta. Chimba mizizi ya mimea 10 palipopita haro na 10 kwenye vipande visivyoguswa, ioshe, na utafute ile iliyokunja kona kwenye kimo cha sahani. Wakati wa kuvuna, pima kila kipande peke yake. Mavuno yakilingana, shamba lako halikuwa linahitaji haro, na mfereji wa kutolea maji au kisambaza makapi cha kombaini ndicho kinachostahili fedha hizo.